Fundi Aliyeanzia Sikioni

Baraza letu lilikuwa na mafundi wawili, mimi wa cherehani na yeye wa redio. Mteja akisimama barabarani akaita "Fundi!" tuliinua vichwa wote wawili. Aliyeita alicheka, akamwonyesha kwa kidole anayemtaka, na yule mwingine akarudi kwenye kazi yake. Miaka kumi na saba tuliishi hivyo. Siku hizi nainua kichwa peke yangu, na bado huwa natazama kushoto kwanza.

Jina lake nalijua, sitaliandika. Mwenyewe alikuwa halitumii, na ukimwita kwa jina aliangalia kwanza kama kuna mtu nyuma yake. Mimi alikuwa ananiita fundi mwenzangu, ingawa nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi na umri wetu haukukaribiana hata kidogo. Nilipenda kuitwa hivyo. Mafundi wengi wanaume hapa Ifakara wanakuita Mama Fulani hata kama umekata kitambaa kuliko wao walivyokata usingizi.

Meza yake ilikuwa upande wa barabara, ile inayoshuka kwenda darajani na kuvuka hadi Lupiro. Yangu ilikuwa upande wa pili, ukutani mwa mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo vumbi la pumba lilikuwa langu na vumbi la bodaboda lilikuwa lake. Na katikati ya vumbi hilo lote yule mzee alivaa shati jeupe kila siku. Fundi redio, mtu wa risasi ya kuchomelea na mikono yenye masizi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama! Kola ikilika alinipa niigeuze, upande uliochakaa uende ndani. Shati moja nililigeuza, nikalirudishia, nikaligeuza tena, mpaka nikamwambia Fundi, kola hii haina upande wa tatu. Hakucheka. Aliniambia nitafute.

Alikuwa mbishi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu mtu akishaondoka watu wanaanza kumpaka asali. Alikuwa mbishi, alikuwa na kiburi cha kimyakimya, na hakujua kupokea shukrani. Ukimwambia ahsante aliinama kwenye kisanduku cha misumari kama mtu aliyepoteza kitu humo. Na maneno yake yalikuwa machache sana kwa mtu aliyeshinda na vitu vinavyoongea kutwa nzima.

Nyumbani kwake hakukuwa na redio. Hili liliwashangaza wengi, nami nilishangaa mpaka nilipomzoea. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara alikuwa anauza sabufa, zile spika kubwa zinazotikisa vikombe, na kila alipofungulia muziki Fundi alivuka barabara, shati lake jeupe, anamwomba apunguze. Kila siku, miaka na miaka. Na kipindi cha masika, maji yakishajaa majaruba ya mpunga huko nyuma ya nyumba, jioni alizima redio zote mezani akasema vyura wanatosha. Tulikaa tukiwasikiliza mpaka muda wa kufunga. Alisikia vitu ambavyo mimi sikuvisikia. Baiskeli ikija aliijua ya nani kwa mnyororo. Honi ya treni inayotoka upande wa Mang'ula ikilia mbali, akasema leo imechelewa na dereva ana hasira, na mimi nilikuwa bado sijasikia honi yenyewe.

Sasa nieleze kazi yake, maana ndiyo ilikuwa tabia yake. Mtu akileta redio iliyokufa, Fundi hakuuliza imeharibikaje. Aliuliza, "Mara ya mwisho iliongea nini?"

Watu walidhani anatania. Nakumbuka mchungaji mmoja Msukuma, kijana mrefu, alikuja na redio aliyokuwa anaivaa shingoni ndani ya kipande cha kitenge. Alikuwa anavusha ng'ombe mtoni ikazama naye. Alipoulizwa swali lile alinitazama mimi, kama kwamba nimwambie huyu mzee ni mzima au vipi. Nikamwambia jibu tu. Akafikiri, akasema ilikuwa inatangaza mpira, mtangazaji alikuwa anataja jina la mtu, akataja nusu. Fundi akauliza, ilikatika au ilififia? Kijana akasema ilififia, ilififia kama mtu anayetembea kwenda mbali. Fundi akaandika kwenye kipande cha karatasi, "Mpira, nusu ya jina, ilififia," akakibandika kwenye tumbo la redio. Baadaye aliniambia kuwa ukimwuliza mtu imeharibikaje anaanza kujitetea, maana labda kaiangusha mwenyewe. Ukimwuliza ilisema nini, anakumbuka, na anakuambia ugonjwa bila kujua kwamba anakuambia.

Ikipona, aliondoa karatasi ile akabandika nyingine yenye neno moja: "Nzima." Hakuna kitu kilichotoka kwenye meza ile bila neno hilo. Na kama hakiponi, alikuwa hapambi. Alikusukumia kitu chako akasema, hii imekwisha. Nimeona watu wazima wanatoka pale macho mekundu.

Halafu kuna jambo la sikio. Mafundi wengine hapa mjini wakipewa redio isiyotoa sauti wanaanzia kwenye betri. Wanapima betri, wanafuata waya, wanafuata saketi kipande kwa kipande mpaka wafike kwenye spika. Fundi alienda kinyume. Alianzia kwenye spika akarudi nyuma. Na kabla ya spika alianzia kwa mwenye redio. Alikuwa na hedifoni moja kubwa nyeusi, aliiunganisha na redio yake nzima ya majaribio, akamvalisha mteja akamwuliza anasikia? Ndipo alipofungua redio iliyoletwa. Sauti, alisema, inaishia sikioni, kwa hiyo mtu anayeitafuta aanzie hapo, asije akafungua kitu kisicho na kosa.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Redio yake, alisema, imekuwa bubu. Fundi akamvalisha hedifoni. Yule mama akatikisa kichwa, hasikii kitu, na mimi pale nilipo nilisikia kwaya inavuja kwenye ile hedifoni. Fundi akamvua taratibu, akamtazama usoni, akamwambia, "Mama, redio ni nzima. Yapeleke hospitali masikio."

Mama yule alikasirika! Alichukua redio yake akaenda kwa fundi mwingine, akabadilishiwa spika ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Mimi nilimgombeza Fundi siku ile. Nilimwambia mtu mzima haambiwi hivyo mbele za watu, ungemzungusha kidogo. Alinijibu bila kuinua macho kwamba angemwambia redio ni mbovu, mama angerudi nyumbani na ugonjwa wake, na redio isiyo na kosa ingebaki na jina baya. Niliona ni ukatili. Niliona hivyo miaka mingi.

Sijui masikio yake yeye yalianza kuziba lini. Watu wanasema ni zile dawa za zamani za malaria, ambazo mtu akimeza masikio yanalia wiki nzima, na bonde hili limemeza dawa nyingi. Wengine wanasema ni mashine ya mpunga. Ninachojua mimi ni siku niliyogundua. Mteja alisimama barabarani akaita "Fundi!" nikainua kichwa peke yangu.

Nilidhani amezama kwenye kazi. Kesho yake ikawa hivyo tena. Ndipo nikaanza kumtazama, na nikaona kwamba amebadilisha namna ya kufanya kazi. Akiwasha redio anaweka kidole juu ya ngozi ya spika, anasikia mtikisiko kwa ncha ya kidole. Halafu, bila kugeuza kichwa sana, anaangalia uso wangu. Kama redio inakwaruza uso wangu ulijikunja wenyewe, akarudi kuifungua. Kama inaongea vizuri nilitikisa kichwa kidogo kukubali, naye akabandika "Nzima." Hatukuwahi kulizungumza. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua, ukawa unaongea naye kwa sauti ya juu huku ukijifanya ni kwa sababu ya mashine. Muuza sabufa alipunguza muziki mwenyewe kila alipomwona, maana Fundi alikuwa havuki tena barabara, na yule bwana aliniambia hilo lilimuumiza kuliko ule ugomvi wa kila siku.

Hivyo nikawa masikio ya Fundi karibu mwaka mzima, na siku moja nilimsaliti. Nasema nilimsaliti, sitafuti neno laini.

Ilikuwa ni mchana wenye mawingu, nina sare za kwaya za kumaliza, na bado nina mpunga nimeanika nyumbani. Mkulima mmoja wa Mofu alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri redio yake, ile anayobeba kwenye mtumbwi. Fundi akaiwasha, akaweka kidole, akaniangalia. Redio ilikuwa inakaanga. Unasikia mtu anaongea huko ndani lakini juu yake kuna kitu kinakaanga. Nikikunja uso ataifungua tena, nami siwezi kumwacha peke yake na mteja, na mvua ndiyo hiyo. Nikatikisa kichwa kukubali. Akabandika "Nzima," yule bwana akaifunga kwenye baiskeli bila kuisikiliza, kwa sababu aliiamini ile karatasi.

Alirudi baada ya siku mbili. Hakutukana, watu wa Mofu wana adabu. Aliiweka redio mezani, akaifungulia ikakaanga mbele ya watu waliokuwa pale, akauliza kwa upole, "Fundi, hii ndiyo nzima yako?"

Fundi aliweka kidole kwenye spika. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akaibandua ile karatasi kwa ukucha, taratibu, akamwomba yule bwana samahani. Mimi nilikuwa nimeinamia cherehani, nashona mshono ambao haukuwa na kazi yoyote. Hakunigeukia, hakuniuliza kitu. Tangu siku ile hakuniangalia tena usoni.

Ndipo alipoanza kutengeneza kile kifaa. Kilikuwa amplifaya ndogo, ya kukuza sauti ya kwenye hedifoni tu. Alitaka kila redio aliyotengeneza aiunganishe hapo, avae ile hedifoni nyeusi, asikie mwenyewe bila kuomba uso wa mtu. Vipande alivitoa kwenye redio zilizokwisha, na vyote akavipanga ndani ya kasha la bluu la kuwekea sabuni. Ilikuwa kazi nzuri. Mimi sijui umeme lakini najua mshono, na zile waya zilikuwa zimelala kama mshono wa mtu asiye na haraka.

Haikutoa sauti. Akaifungua, akachomelea upya, akaifunga, akavaa hedifoni, akazungusha kitufe mpaka mwisho. Kimya. Akaifungua tena. Wiki tatu zilipita. Wateja walikaa kwenye benchi wakaondoka. Asubuhi moja, nilipomwamkia kwa ishara ya mkono, alianza kuongea bila kuulizwa, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake.

"Fundi mwenzangu, mikono imeniacha," alisema. "Kitu kidogo hivi, na nimekikosea. Ikifika Jumamosi hakijaongea nafunga meza. Binti yangu wa Mang'ula ananiita siku nyingi."

Nilitaka kusema kitu, nikasema ngoja nimalize hili vazi. Siku zile nilikuwa mwoga sana. Lakini nilimtazama anavyofanya kazi, na ndani ya wiki ile nikaona jambo lililonitoa jasho. Alikuwa anaanzia kwenye betri. Yule mzee aliyewacheka mafundi wa mji mzima kwa kuanzia kwenye betri, alikuwa anapima betri, anafuata swichi, anafuata waya, kipande kwa kipande, anafika kwenye tundu la hedifoni, anasimama. Halafu anarudi kwenye betri. Mara nne nilimhesabu, na mara zote nne hakufika mwisho wa safari.

Alijua. Kuna sehemu ndani yake ilijua, na ilikuwa inamzungusha asifike huko. Na bado alikuwa tayari kuamini kwamba mikono yake imekufa, mikono ile, kuliko kufika.

Jumamosi nilifika mapema, naye alikuwa ameshaanza kufungasha. Misumari ndani ya makopo, makopo ndani ya boksi. Juu ya meza kilibaki kile kifaa tu, kimeunganishwa na redio yake ya majaribio, vyote vinatumia betri. Mchana alikaa nacho kwa mara ya mwisho. Akavaa hedifoni, akafungua sauti yote, akasubiri. Kisha akavua, akaiweka mezani, akachukua bisibisi aanze kukitoa vipande.

Saa ile ile umeme ukakatika. Mashine ya mpunga ikazubaa, ikapunguza mwendo, ikanyamaza, na mtaa wote ukatulia. Nikasikia mtu anaongea. Sauti ndogo, safi kabisa, ya mtangazaji anayesoma salamu za wasikilizaji, fulani wa Lupiro anawasalimu wote wanaomfahamu. Ilikuwa inatoka kwenye hedifoni iliyolala mezani, mbele ya kifua cha Fundi, na Fundi alikuwa anatafuta parafujo ya kwanza.

Niliinuka nikamshika mkono wenye bisibisi. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ya yule bwana wa Mofu. Nikachukua hedifoni nikavaa, na ilinipigia kelele mpaka nikaruka. Nilikuwa nimejipanga niseme kwa utaratibu, nitafute maneno, lakini yule mzee alikuwa amesoma uso wangu mwaka mzima. Aliniona nilivyoruka. Bisibisi ikashuka mezani.

"Inaongea," akasema.

Nilivua, nikapiga magoti mbele yake ili anione mdomo vizuri. "Inaongea, Fundi."

"Inakwaruza?"

"Haikwaruzi."

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili. Na siku ile ya Mofu nilikudanganya. Ilikuwa inakaanga, nikakubali kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani."

"Najua," alisema. "Mvua ilikuwa inakuja."

Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Nilifikiri nimemmaliza. Lakini alikuwa ameinua mikono yake yote miwili, anaiangalia, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekiaga. Akasema taratibu kwamba basi mikono haikumwacha. Kisha akaishusha juu ya ile hedifoni, na nikaona kwamba lile lingine, la masikio, nalo limemfikia. Nikamwuliza swali ambalo sikujua kama nina haki ya kumwuliza, lakini lilikuwa swali lake mwenyewe na sikuwa na lingine.

"Fundi, mara ya mwisho ulisikia nini?"

Alifikiri, kwa uaminifu, kama wateja wake walivyofikiri.

"Cherehani yako," alisema. "Ilikuwa inalia kwenye kanyagio. Nilitaka kukuambia uitie mafuta, kisha sikuisikia tena. Nikadhani umeitia."

"Ilikatika au ilififia?"

"Ilififia."

Akararua kipande cha karatasi, akaandika "Nzima," akakibandika kwenye kasha la sabuni. Baadaye aliniuliza kama kuanzia Jumatatu nitamwambia ukweli, hata kama nina haraka, hata kama mvua inakuja. Nikamwambia nitamwambia. Tulifanya kazi hivyo misimu miwili ya mavuno, mimi nikivaa hedifoni mbele ya wateja bila kuficha, mpaka alipofariki, na katika muda huo hakuna mtu aliyerudisha redio.

Lakini kwanza, Jumamosi ile ile, alinyanyuka. Alichukua kile kikopo chake cha mafuta chenye mdomo mrefu, akaja upande wangu wa baraza, akapiga magoti na shati lake jeupe kwenye vumbi la pumba. Akatia mafuta kwenye kanyagio, tone moja moja, kila maungio. Ile cherehani ilikuwa haijalia kwa zaidi ya mwaka, tangu nilipoitia mafuta mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya chuma, akaniashiria nikanyage. Nikakaa, nikakanyaga.

"Bado inalia?" aliniuliza, macho yake usoni mwangu.

"Hailii, Fundi," nikamwambia, na kwa mara hii ilikuwa kweli.